Nungunungu na Ngoma ya Mbegu

Paukwa!
Pakawa!
Alikuwapo?
Alikuwapo.
Ana nini mgongoni?
Ana miiba.
Na kichwani?
Ana ndoto.
Basi huyo ndiye mwenye hadithi.

Haya, songeeni moto. Na wewe uliyesinzia kabla sijaanza, lala salama, huenda ndiye mwenye akili kuliko sisi sote hapa.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima badala ya kulana, palikuwa na nchi moja ya mtama. Nchi ile ilikuwa na desturi zake. Mbegu haikuingia ardhini mpaka ngoma kuu ilie mbele ya mkuu wao, Mzee Nyati. Ngoma ikilia mpaka mwisho, watu wanapanda. Ikikatika njiani, wanakaa kungoja mwezi mwingine uandame ndipo wapande, hata kama mvua imeshafika mlangoni inabisha hodi. Tena aliyeichonga ngoma ndiye mwenye haki ya kuipiga. Ngozi ya kuiwambia ilitoka kwa nani, msiniulize. Hata wao hawakuulizana.

Katika nchi ile aliishi Nungunungu, fundi wa kuchonga ngoma asiye na mwenzake. Tangu akiwa mtoto alikuwa na ndoto moja tu, kuipiga ngoma kuu. Alilala nayo, akaamka nayo, akaoa nayo ikiwa ndani ya nyumba. Mkewe alikuta ndoto imeshakalia kigoda chema, yeye akapewa jamvi.

Na kupiga alijua, tusimwonee. Kasoro yake ilikuwa ndogo tu. Katikati ya ngoma, desturi ilimtaka mpigaji ageuke, aipe ngoma mgongo, amwinamie Mzee Nyati kwa heshima, kisha aendelee. Na nungunungu akifurahi, miiba husimama.

Mwaka wa kwanza akachonga ngoma, akaileta uwanjani. Ndi-ndi-ndi, ndi-ndi-ndi, akageuka, akainama. Pwaa! Ngozi ikapasuka. Wanyama wakatazamana, kisha wakafanya lile wanaloliweza kuliko kilimo, yaani adabu. Wakamwambia amepiga vizuri mno, ila ngozi ilikuwa mbovu. Wakangoja mwezi.

Mwaka wa pili akachonga nyingine. Ndi-ndi-ndi, ndi-ndi-ndi, akageuka, akainama. Pwaa! Wakamwambia amepiga vizuri kuliko mwaka jana, ila upepo ulikuwa mkali. Siku ile hata jani halikutikisika. Wakangoja mwezi.

Mwaka wa tatu akachonga kubwa zaidi. Ndi-ndi-ndi, ndi-ndi-ndi, akageuka, akainama. Pwaa! Hapo Kima, msemaji wa nchi, akasimama na kutangaza kwamba kuna hasidi. Wakakubaliana wote kwamba kuna hasidi, wakamtafuta chini ya mawe na juu ya miti, na Nungunungu akasaidia kumtafuta kwa bidii sana.

Mwaka ule walipanda mvua ikiwa imeondoka. Mtama ukatoka, ukasimama kidogo, ukakauka. Wakala mizizi. Walipochoka na mizizi wakala majani, na adabu yao ikabaki vilevile, haikupungua hata kidogo.

Ukafika mwaka wa nne. Mbegu iliyobaki katika nchi nzima ilikuwa kikapu kimoja. Mawingu yakaanza kukusanyika. Kila mtu alijua kwamba safari hii ngoma ikipasuka hakuna tena kula, na hakuna aliyemwambia fundi neno. Walipita kwake asubuhi wakimsifu kwa mti aliouchagua, wakirudi kwao wanawafundisha watoto kutafuna magome.

Aliyesema ni mkewe. Alikuwa anapepeta makapi yasiyo na kitu ndani.

"Mume wangu," alisema, "mimi nilikubali kuolewa na wewe na ndoto yako. Mtama haukuolewa."

Nungunungu akakasirika. Akamwuliza kama na yeye ameingia upande wa hasidi. Mkewe akaendelea kupepeta, na fundi akajitwika mzinga wake mpya wa ngoma akaenda kwa Bi Pimbi ili uwambwe ngozi.

Bi Pimbi alikuwa mjane mdogo wa umbo, mwenye mikono myepesi. Kwa miaka yote mitatu yeye ndiye aliyewamba ngoma za Nungunungu, na yeye ndiye aliyeokota vipande vyake. Siku ile aliwamba, akaikaza, akaiweka karibu na moto ikauke. Ilipokauka akaigusa kwa vidole kuijaribu, kama afanyavyo kila fundi wa ngozi. Ndi.

Nungunungu akainua masikio. Akamwambia, "Hebu tena, shemeji."

Ndi-ndi.

"Hebu tena."

Ndi-ndi-ndi, ndi-ndi-ndi.

Sasa angalieni ajabu. Bwana huyu alikuwa amechonga ngoma nne, amezipasua tatu, na hakuwahi hata siku moja kuisikia ngoma yake. Angeisikia saa ngapi, naye kila akipiga anajisikiliza mwenyewe, anawaza nani anamtazama, na atainamaje? Leo alikuwa amekaa pembeni, na ngoma ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri mpaka ikamuuma. Miguu yake ikaanza kucheza bila kumwomba ruhusa, miiba ikasimama yote, na kwa mara ya kwanza haikumharibia mtu kitu.

Akauliza kwa sauti ya chini, "Shemeji, ni mimi, siyo? Hakuna hasidi."

Bi Pimbi akaitazama ngozi. Naye alikuwa na adabu zake, maskini. Lakini pia alikuwa na watoto nyumbani waliokuwa wakitafuna magome.

"Ni wewe, shemeji," alisema.

Fundi hakurudi nyumbani moja kwa moja. Katika nchi ile mgeni akiondoka hafukuzwi, husindikizwa mpaka njia panda, akashukuriwa, ndipo mwenyeji akarudi kwake. Nungunungu akatembea mpaka njia panda, peke yake kwa macho ya watu. Konokono aliyekuwa akipita alimsikia akizungumza, na kwa kuwa konokono hapiti haraka, aliyasikia yote.

"Ndoto yangu, umekaa kwangu tangu utotoni," alisema Nungunungu. "Umenifundisha kuchagua mti, kushika tezo, kuamka mapema. Bila wewe ningekuwa mchimba mashimo tu kama wajomba zangu. Nilidhani umekuja kunipa ngoma niipige. Kumbe ulikuja nijue kuichonga. Ahsante. Nakupenda bado, ndiyo maana nakusindikiza mwenyewe. Nenda."

Akasimama hapo muda mrefu akilia. Msidhani kushukuru kunazuia machozi. Kisha akarudi, akamwambia mkewe aache lile jamvi, akalie kigoda.

Siku ya ngoma wakaja wote. Kima alikuwa ameshatayarisha hotuba ya pole, na safari hii hasidi alikuwa mchwa. Nungunungu akaibeba ngoma mpaka katikati ya uwanja, akaiweka chini, akasema kwamba haki ya kuipiga ni yake, na kwa haki hiyohiyo anampa Bi Pimbi. Wanyama wakapiga kelele za masikitiko, la hasha, haiwezekani, nani atapiga kama yeye. Lakini walisogea haraka sana kumpisha Bi Pimbi.

Ndi-ndi-ndi, ndi-ndi-ndi. Bi Pimbi akageuka, akainama. Uwanja mzima ukaziba masikio, ukafumba macho, kwa mazoea.

Pakawa kimya.

Ndi-ndi-ndi, ndi-ndi-ndi, ngoma ikaendelea. Mzee Nyati akafumbua jicho moja, kisha la pili. Ngoma ikalia mpaka mwisho wake, na kabla haijanyamaza tone la kwanza la mvua likaanguka kwenye kikapu cha mbegu. Nungunungu akaingia uwanjani kucheza, miiba imesimama yote. Wenzake wakamkimbia, wakabanana pembeni. Akaachiwa uwanja mzima, yeye na ngoma aliyoichonga, mkuu na nchi yote wakimtazama. Tangu utotoni alikuwa akiutafuta uwanja ule.

Mtama wa mwaka ule walikula mpaka wakaanza tena kusemana kwa adabu.

Nami nimefika mwisho, atakaye zaidi akamwulize konokono, kama atamkuta amefika. Ila chukueni hili mwende nalo: ndoto iliyokulea ukiiona haiwezi tena kwenda nawe, usiifukuze na usiifunge kamba. Ishukuru, uisindikize, urudi ukale.

Mimi mwenyewe nilitaka kuwa mwimbaji. Niliimba miaka saba, na majirani wote wakanisifu. Kisha mama yangu akaniambia ukweli, nikawa msimulizi. Kwa hiyo mkilala leo, mwombeeni mama yangu, maana amewaokoa na mengi.