Mfereji Uliosafishwa Bila Maji

Mkulima mmoja alikuwa na mahindi yaliyokaribia kubeba, na maji hana. Jina lake Elinihaki. Shamba lake lilikuwa huko milimani, upande ule ambao mvua huja ikijisikia, kwa hiyo watu wa huko hawaangalii mawingu, wanaangalia ndiva, yaani bwawa la udongo lililo juu ya kijiji. Maji hukusanyika humo, asubuhi yanafunguliwa, yanashuka kwa mfereji hadi mashambani. Kila mwenye shamba ana zamu yake, siku moja katika tano, na siku hiyo hakuna mwingine anayeugusa mfereji. Aliyefungua na kugawa maji hayo alikuwa mzee Senkondo, baba mzazi wa Elinihaki.

Sasa mnajiuliza, mtoto wa mgawa maji anakosaje maji? Alikosa kwa sababu aliiba. Nalitaja neno hilo waziwazi kwa sababu yeye alikaa muda mrefu akiuita wizi huo majina mengine. Jirani yake Nanzia, mjane, alikwenda kumuuguza dada yake, akamwachia Elinihaki shamba la maharage. Alimwomba kitu kimoja tu: siku za zamu yangu, nielekezee maji. Elinihaki akakubali vizuri kabisa. Zamu ya kwanza akayageuzia maji kwake, akajiambia anaazima. Zamu ya pili akayageuza tena, hakujiambia kitu. Zamu ya tatu akayageuza vilevile; maharage ya mjane yalikuwa yameshapukutisha maua, na mzee Senkondo akawa anashuka kukagua mfereji. Aliona shamba moja limepasuka kwa ukavu na la pili lina tope. Kesho yake mfereji wa Elinihaki ukawa umezibwa.

Kwa desturi ya mfereji ule, aliyeiba maji hapigwi wala hatozwi. Mgawa maji anakuja na udongo na vigogo vya mgomba, anaziba mdomo wa mfereji wa mtu huyo, anaondoka. Unabaki umezibwa mpaka mwenyewe apande ndivani asubuhi, wakati watu wamekusanyika kusubiri maji, aingie majini hadi magotini, aseme amechukua nini na amemchukulia nani. Akishasema, yamekwisha. Hata ulevini mtu haruhusiwi kumkumbusha. Wapo wazee wa heshima zao waliowahi kusimama pale magotini, na leo huwezi kujua ni akina nani.

Elinihaki alijua desturi hiyo tangu utotoni. Ndiyo iliyomtia hofu. Angemtazamaje baba yake? Na Nanzia amesharudi, atakuwa pale pale ukingoni na jembe lake. Na wakimuuliza ni mara ngapi? Kwa mkewe, Nakunda, alikuwa amesema kwamba mzee amekosea zamu, atarekebisha. Kila asubuhi Nakunda alikwenda kutazama mahindi, akarudi akisema majani yamejikunja, mume wangu, yamejikunja saa nne hii hii ya asubuhi, na Elinihaki akamjibu kwamba analishughulikia.

Na kweli alilishughulikia. Alichukua jembe, akaanza kusafisha mfereji wake kuanzia chini. Aling'oa magugu, akatoa mchanga, akaziba nyufa kwa udongo wa mfinyanzi alioubeba kichwani kutoka bondeni. Alipomaliza wa kwake akasafisha na sehemu za jirani, bila kuombwa. Akaacha pombe. Akaacha na chakula cha mchana, akawa anashinda na kikombe cha maji, na alipoinuka kizunguzungu kikampata, akaona afadhali, huenda inasaidia. Watu walipopita walisimama wakamsifu. Walisema mfereji kama ule hawajauona tangu enzi za babu zao, ungeweza kulala ndani na shuka jeupe. Elinihaki alicheka nao, huku roho iko juu juu, maana kila akinyanyua macho aliona kule juu, mdomoni mwa mfereji, vigogo vya mgomba viko pale pale. Akifika karibu navyo anageuza jembe na kuanza tena kutoka chini.

Wiki ya tatu alimtuma Nakunda kwa mzee na kapu la viazi na chungu cha asali. Nakunda aliporudi, Elinihaki alimpokea njiani.

Kasema nini? Amepokea, akasema mkewe. Ameuliza kama wewe ni mzima. Basi? Basi.

Hilo lilimtesa kuliko matusi. Angetukanwa angejua pa kujibia. Mtu unaiba maji anayoyalinda, unamkwepa wiki tatu, naye anauliza kama u mzima, ina maana gani? Labda ameshanikatia tamaa. Labda zamu yangu ameshampa mtu mwingine, ndiyo maana ametulia. Wazo hilo likamwingia, likakataa kutoka. Akawa anahesabu mashamba ya wenzake kwa macho, lipi limependeza kupita kawaida, nani amepewa maji yangu. Hata chakula cha jioni akawa anakiacha.

Wiki ya tano mistari ya chini ilianza kukauka kutoka mizizini. Nakunda alivunja bua moja, akaja nalo, akaliweka miguuni pa mumewe. Lilikuwa jepesi, halina hata unyevu. Hakulia wala hakugomba. Alimwambia tu kwamba watoto ni wanne, na kwamba hakuna mzee anayekosea zamu kwa wiki tano. Kisha akaingia ndani.

Elinihaki alipanda asubuhi ile ile. Mfereji ule ulikuwa mbele yake, msafi, mkavu; akaufuata mpaka mdomoni, akavipita vile vigogo. Njiani alitunga maneno mazuri. Ataanza na ukame. Ataeleza kwamba Nanzia mwenyewe alikawia kurudi. Ataweka na ile kazi ya kusafisha sehemu za jirani, ili waipime. Alipofika juu, watu wamekusanyika, Nanzia yuko ukingoni, na baba yake amekaa kwenye jiwe karibu na mlango wa ndiva. Mzee alisimama mara alipomwona, akashika mkono wa mtu aliye karibu ili asianguke. Elinihaki akaingia majini, na maneno yote mazuri yakamtoroka. Baridi ilimpanda mpaka tumboni.

Akasema: nimeiba maji ya Nanzia, aliyeniamini, mara tatu, nikawadanganya wa nyumbani, na niliogopa kuja.

Hapo ndipo alipogundua kwamba maji hayakumwishia magotini kama alivyowahi kuwaona wengine wakisimama. Yalimfika mapajani. Ndiva ilikuwa imejaa mpaka ukingo, wakati wa kiangazi, na pembeni watu walikuwa wameongeza tuta jipya la udongo ili isipasuke. Alimtazama baba yake bila kuelewa.

"Zamu yako sikumpa mtu," mzee Senkondo akasema.

Wiki tano. Kila siku ya tano watu walilalamika kwamba maji yamelala bure wakati mashamba yanaungua, na kila siku ya tano mzee aliwajibu kwamba yana mwenyewe. Akawa anakuja kukaa juu ya jiwe lile tangu asubuhi, akitazama njia. Siku ile alishuka, akavitoa vigogo vya mgomba kwa mikono yake. Maji yalifunguliwa, yakapita kwanza kwa Nanzia, Elinihaki mwenyewe akiyaelekeza, ndipo yakashuka kwake. Mistari ya juu ilipona. Mistari kumi na miwili ya chini ilikuwa imeshakufa, na ile haikupona. Mwaka ule walikula kwa kujibana.

Haya. Mimi si mtu wa kubembeleza, mnanijua. Tulipakwa majivu siku Kwaresima ilipoanza, wote tukapanga mstari. Mmefunga. Mmetoa sadaka. Njia ya Msalaba mmeimba kila Ijumaa mpaka sauti zimewakauka, na wengine mnanionyesha mlivyokonda. Sisemi ni vibaya, maana mfereji uliojaa mchanga haupitishi maji. Ila Pasaka ni wiki ijayo, na nikiwatazama nyusoni naona wengi hamlali vizuri. Mnadhani Mungu amenyamaza kwa sababu amewachoka. Wengine mna mistari ya chini inayokauka sasa hivi, nyumbani kwenu, na mnajua ni ipi. Basi niambieni, katika siku zote hizi za jembe na jasho, ni lini ulipanda wewe mwenyewe ukamwambia Baba ulichochukua?