Kamba ya Nyati na Mkia wa Korongo

Tena? Jana ngano, leo ngano! Meno yenyewe yamebaki matatu, na mawili hayaelewani. Shule nayo niliijua njia tu, mlango sikuufikia. Haya, na nyie watu wazima mnaojificha nyuma, sogeeni. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na boma la kuwatuliza waliovurugika akili. Tembo akaweka wakubwa wawili: Korongo mganga, ajuaye mizizi, na Kanga muuguzi, ashindaye na wagonjwa.

"Ongozeni pamoja," akasema. "Kamba ya kufungia mgonjwa haiguswi mpaka mkubaliane."

"Sawa!" akasema Korongo. Akapanda kichuguu, kiti cha uongozi. Kichuguu kilitosha ndege wawili. Yeye akatanua mabawa.

Asubuhi Kanga akaja. "Kaka Korongo, nina neno juu ya mgonjwa wetu Nyati."

"Kanga hutaga, hashauri," akajibu Korongo, akacheka peke yake.

Mchana Nyati akaanza kuzungukazunguka. Mhu! Mhu! Wageni wanatazama. Korongo akawaza: leo watanijua. Akamtia Nyati kamba shingoni, ncha ya pili akajifunga mguuni, eti asimponyoke. Mganga mkuu huyo!

Loo! Nyati akili zilimruka siku aliponaswa na mtego wa kamba. Akatimka. Korongo nyuma. Pu! kichuguuni. Pu! miibani. Na mbele ukingo wa genge!

"Dada Kanga! Tunaongoza pamoja!"

"Tangu lini?" akauliza Kanga, mbio. Akamkingia Nyati njia. "Baba, simama. Ni mimi."

Nyati akasimama, kwato ukingoni.

"Neno langu la asubuhi lilikuwa hiyo kamba," akasema Kanga. "Sasa nimemsimamisha, lakini bila mzizi wako hatalala. Inuka uuchemshe."

Korongo akajitazama: kichwa kimenyonyoka kikabaki kipara, magoti yamechunika, mganga anayetafuta mganga. "Mzizi ninao," akasema. "Akili ndiyo niliyoisahau kichuguuni. Waonaje, dada, tumpe kikombe kimoja au viwili?"

"Kimoja. Na kamba tuichome."

Nyati akanywa, akalala fofofo.

Basi shikeni: uongozi wa wawili ukiubeba peke yako, anayeumia ni mgonjwa. Tembo akamtoza Korongo manyoya yote ya mkia, yakawa mto wa Nyati. Mbele kipara, nyuma kipara, na kichuguuni akabanana na Kanga.

Hadithi yangu imeishia hapo, mkiani kwa Korongo. Mbele ya hapo hakuna unyoya wa kushika.