Mwana Hiti Aliyenusurika Motoni

Njia ya kweli haikosi kisiki. Ndivyo alivyosema yule mama leo gulioni, pale muuza vigoda vya kale alipomtajia watu wote waliowahi kukalia kigoda chake, kuanzia babu hadi kitukuu, bila hata kumeza mate. Mama wa watu akakirudisha kigoda chini, akasema neno lake, akaenda zake. Nanyi mkacheka, kisha mkanigeukia mnataka kujua limetoka wapi. Haya, sogeeni. Limetoka Uzaramo, kwa wanawake, na siku lilipozaliwa hakuna aliyecheka.

Zamani kule kila ukoo ulikuwa na mwana hiti wake. Ni kisanamu cha mti, hakizidi urefu wa kiganja, hakina mikono wala miguu, kina kiwiliwili tu na kichwa chenye mafungu mawili ya nywele. Msichana akivunja ungo alifichwa ndani, akapewa mwana hiti amwogeshe, ampake mafuta, alale naye, ajifunze kulea. Mama alimrithisha binti yake, naye binti akamrithisha wake. Mwali asiye na mwana hiti wa kwao hakutolewa ndani, na asiyetolewa hakuolewa, maana watu walisema tumbo lake limefungwa. Nyinyi mnaweza kuguna. Wao walikuwa wanaogopa kwelikweli.

Sasa, palikuwa na mwanamke akiitwa Mwasiti. Binti yake wa pekee, Kidawa, alikuwa ndani akingoja mpunga uvunwe ili atolewe. Jirani yake, Mwanamvua, naye alikuwa na mwali. Siku moja ya upepo cheche ziliruka kutoka jikoni hadi kwenye makuti, na watu walipofika na ndoo zao nyumba zote mbili zilikuwa zimekwisha. Wale wasichana waliokolewa wamefunikwa kanga. Katika majivu, pale ambapo kuta za nyumba zile mbili zilikuwa zimeangukiana, akapatikana mwana hiti mmoja tu, shanga zimepasuka na kichwa kimeungua. Mwanamvua akamuwahi, akamfunga kwenye upindo wa kanga yake, akasema huyu ni wetu.

Mwasiti alimjua wa kwake. Alishawahi kulala naye, na mama yake kabla yake. Lakini alipotaka kusema, akajizuia, kwa sababu kuna jambo la mwana hiti yule ambalo kwao halikuwa likisemwa. Jambo hilo likijulikana, nani atamposa Kidawa? Na asipolisema, atampata vipi mwana hiti wake?

Shauri likapelekwa kwa Bi Sihaba, nyakanga aliyewafunda wanawake wote wa pale. Bi Sihaba akaanza pale ambapo kila mtu angeanzia. Akamwita fundi Mkumba, mchongaji, amtazame. Fundi akamgeuzageuza, akapitisha kidole kwenye mfuo wa shingo, akasema bila wasiwasi kwamba huo ni mkono wa marehemu babu yake. Watu wakashusha pumzi. Kisha fundi akaongeza kwamba babu yake ndiye aliyewachonga wote wawili, kutoka gogo moja, na kwamba yeye hawezi kuapa huyu ni yupi. Ikawa kumjua fundi hakukumjulisha mwenyewe.

Bi Sihaba akasema kesho yake kila mama aje amtajie njia ya mwana hiti huyo, ametoka mkono gani akaenda mkono gani, hadi kufika kwake.

Mwasiti alirudi kwa shangazi yake alikokuwa amehifadhiwa, akashindwa hata kula. Alijitungia uongo mzuri, akaurudia kimoyomoyo mpaka ukanyooka.

Kesho yake wanawake wakajaa nyumbani kwa Bi Sihaba. Wale wali wawili waliwekwa nyuma ya mkeka uliotundikwa, wasionekane. Mwanamvua akatangulia. Alipewa na mama yake, aliyepewa na mama yake, aliyepewa na mama yake, wote wazazi wa watoto wengi, wote wamekufa wazee vitandani mwao. Yalimtoka kama maji ya mtungi. Wanawake wakatikisa vichwa kukubali.

Zamu yake ilipofika alisema alipewa na mama yake, naye mama yake alipewa na bibi.

"Na bibi yako alipewa na nani?" akauliza Bi Sihaba.

Hapo ndipo ulipokuwa ule uongo. Mwasiti akafungua kinywa autoe, na hofu ikamkamata ya kutojua pa kukimbilia. Aliwaogopa waliokuwa mbele yake, lakini yule ambaye uongo ule ungemruka alikuwa kaburini, naye alimwogopa zaidi.

"Bibi hakupewa na mtu," akasema. "Alimfukua."

Mwasiti akaendelea. Bibi yake alikuwa na dada mkubwa aliyekufa bila kuzaa, na kwa kuwa alikufa tasa, alizikwa na mwana hiti wake ili utasa usirithiwe. Bibi akazika watoto watatu mfululizo. Akaamini dada yake ameondoka na watoto wa ukoo mzima. Siku moja jua la utosi, saa ambayo hata mbwa hawapiti makaburini, akaenda peke yake na jembe. Mwaka uliofuata akamzaa mama yake Mwasiti, na mtoto huyo akaishi.

Wanawake walivuta watoto wao. Aliyekuwa ameketi karibu na Mwasiti alisogea. Mwanamvua, aliyekuwa bado amempakata yule mwana hiti, akamweka chini upesi na kujifuta mikono kwenye kanga.

Bi Sihaba peke yake ndiye aliyemwokota. Akampindua, akakwangua kitakoni kwa ncha ya kisu. Chini ya masizi na mafuta ya miaka ikatoka nta iliyozibia matundu. Chini ya nta palikuwa na vijia vya mchwa vilivyokula mti, na ndani ya vijia hivyo udongo mwekundu wa makaburini.

"Mwanamvua," akasema taratibu, "njia yako umeifagia mno mwanangu. Watu wamepita humo muda wote huo na hakuna aliyejikwaa? Njia ya kweli haikosi kisiki."

Mwanamvua akainama akalia, akasema aliogopa, binti yake angeozea ndani. Bi Sihaba hakumkaripia. Alimwambia fundi Mkumba atamchongea binti yake mwingine, na njia ya huyo ianze na moto, asije akauficha.

Akamnyooshea Mwasiti yule mwana hiti. Mwasiti akashindwa kumpokea. Alikuwa ameshinda, na aliona kwamba amemharibia mtoto wake. Nani angetaka kulala na kitu cha kaburini? Mama gani angempa mwanawe kitu kama hicho kwa mkono wake?

Mkeka ukasogea. Mkono mwembamba uliopakwa liwa ukatokeza chini yake, kiganja juu.

"Mama," ikatoka sauti ya Kidawa, "huyo dada mkubwa aliitwa nani?"

Jina hilo lilikuwa halijatamkwa kwao tangu bibi akiwa hai. "Sikitu," akasema Mwasiti.

"Niletee na mafuta," akasema Kidawa. "Nimpake huyu mwana wa Sikitu."

Usiku ule Kidawa hakupata usingizi kwa woga, lakini hakumwachia. Alitolewa baada ya mavuno. Wachumba wawili walirudi nyuma, wa tatu akabaki. Na alipokuja kumrithisha binti yake mwenyewe, alimtajia mikono yote, mmoja baada ya mwingine, na alipofika kaburini hakuharakisha.

Kwa hiyo mtu akikupa asili ya kitu, iwe kigoda, iwe shamba, iwe ukoo wake mwenyewe, nayo imenyooka haina hata pa kujikwaa, kirudishe chini uende zako. Njia ya kweli haikosi kisiki.