Chumba cha Sita cha Mgaya

Nyumba nayo ina chumba chake. Hivyo ndivyo fundi alivyowajibu jana, wanangu, mlipomwambia kuwa vyumba vyenu sita vikishapata wapangaji mtakula kodi mpaka mnenepe. Mlicheka, kisha mkaja kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Yalitoka Makambako, kwenye nyumba niliyopanga nilipokuwa muuguzi kijana, na aliyeyasema wa kwanza alikuwa jirani yangu wa mlango wa pili.

Mwenye nyumba aliitwa Mgaya, mpasua mbao. Alikopa kwenye chama cha akiba na mikopo, akajenga vyumba sita nyuma ya nyumba aliyoishi na mkewe na watoto wanne. Dhamana ya mkopo ilikuwa kiwanja kizima, pamoja na paa walilolala chini yake. Marejesho yalikuwa laki moja na nusu kila mwezi. Kodi ilikuwa elfu arobaini kwa chumba, na kama ilivyo desturi, tulilipa miezi sita kwa mkupuo.

Basi mwezi wa saba Mgaya alishika milioni moja na laki nne na ushee kwa siku moja. Hakuwahi kushika fedha nyingi hivyo. Alilipa rejesho la mwezi ule, zilizobaki akaanzia msingi wa nyumba ya pili. Alitutembeza pale akituonyesha: "Hapa sebule. Hapa varanda." Fedha zilikuwa za miezi sita, yeye aliziona za siku ile.

Rejesho la mwezi wa nane alilitoa kwenye mbao. Mwezi wa tisa mbao hazikutoka, wa kumi vilevile. Na mwezi huo wa kumi upepo wa Makambako, ambao haubishi hodi, uling'oa mabati ya chumba cha sita. Mwalimu aliyekaa humo alifungasha godoro lake, akadai kodi ya miezi miwili aliyokuwa hajaitumia. Wiki hiyohiyo chama kikaleta barua: siku kumi na nne, la sivyo kiwanja kinapigwa mnada.

Jumapili tulikuwa uani tukifua, Mgaya akaja.

"Ndugu zangu wapangaji, naomba mnilipe kodi ya mwakani sasa hivi. Nimekwama."

Mama Tumpe, muuza mitumba, yule jirani yangu wa mlango wa pili, hakuinua macho kwenye beseni. "Mzee Mgaya, zile za mwezi wa saba ziko wapi?"

Mgaya akanyoosha kidole kwenye msingi. Majani yalikuwa yameshaota sebuleni.

"Umezizika zikiwa hai?"

Tulicheka. Naye akacheka, kisha akakaa juu ya tofali, kicheko kikamwisha. "Mama Tumpe, wanangu watalala wapi?"

Hapo Mama Tumpe akakamua kanga yake, akaianika, akamgeukia. "Sikiliza, kaka yangu. Nyumba hii imekulisha wewe, imelisha chama, imelisha na msingi wako. Yenyewe imekula nini? Hata msumari hujainunulia. Sisi sote tuna vyumba humu. Nyumba nayo iwe na chake."

"Nyumba ipange chumba?"

"Ipange. Hicho cha sita. Kodi yake ni ya kuitengeneza nyumba tu; usiiguse, wala kwa harusi wala kwa msiba. Ukikubali, tunalipa. Ukikataa, kesho nabeba marobota yangu."

"Nimekubali, dada. Nimekubali mbele ya wote."

Sisi watano tulitoa kodi ya miezi miwili kila mmoja, tukaipeleka wenyewe chamani; Mama Tumpe hakutaka hata ipite mkononi mwa Mgaya. Zilikuwa laki nne. Laki tatu zilifuta marejesho yaliyolala, elfu themanini zikamrudia mwalimu, elfu ishirini zikanunua misumari. Karani wa chama akakubali pia kwamba tangu Januari Mgaya alipe miezi sita kwa pamoja, siku ileile kodi inapoingia. Barua ya mnada ilichanwa mbele yetu. Mke wa Mgaya alichinja jogoo, akala huku akijifuta machozi kwa upindo wa kanga. Msingi ulifumuliwa, matofali yakauzwa, yakaleta mabati na marejesho ya miezi miwili ya mwisho wa mwaka.

Mwaka uliofuata, chumba cha sita kikiwa kimeshapata mpangaji mwingine, mvua ililititisha shimo la choo chetu. Asubuhi tukamwona Mgaya anakuja uani. Mama Tumpe akasukumia kibeti kifuani. "Haya, karudi huyo!"

"Jamani," Mgaya akasema, "fundi wa choo anaanza leo. Kwa siku tatu mtumie cha kwangu."

"Na hela?"

"Sijamkopa mtu. Chumba cha sita kimelipa."

Mama Tumpe akashusha pumzi ndefu, akakitoa kibeti polepole. "Tumejibana bure," akasema, na uani pakalipuka kicheko ambacho nadhani kilisikika mpaka sokoni.

Tangu hapo mafundi wa Makambako wakayachukua maneno yale, wakayasambaza kila walikokwenda kujenga. Kwa hiyo mkihesabu vyumba vyenu, wanangu, hesabuni vitano. Nyumba nayo ina chumba chake.