Punguzo la Sufuria za Makwaya

Makwaya, mwenye duka la sufuria pale Vwawa, alimtaka mfagiaji wake Tumpe abuni punguzo lisilompotezea hata shilingi, la sivyo kazi hana.

"Rahisi, bosi," Tumpe alisema. "Pandisha bei asilimia hamsini, kisha punguza asilimia hamsini. Si unarudi palepale?"

Makwaya akacheka kwa furaha. Sufuria ya elfu kumi ikapanda hadi elfu kumi na tano, ikashuka hadi elfu saba na mia tano. Kufikia saa nne hakukubaki hata mfuniko, na foleni bado ndefu.

"Nitawauzia nini hawa?" alilalama.

"Dada yangu ndiye aliyezibeba zote, yuko nje," Tumpe alisema. "Anaziuza elfu ishirini, ila kwako bosi, punguzo asilimia hamsini."

Makwaya alitoka mbio, asije akalikosa.