Asali Isiyomwagika

Tak.

Sauti moja tu, usiku wa manane, kisha kimya. Pimbi alifumbua macho gizani, akabana pumzi, akangoja sauti ya pili. Haikuja.

Hiyo ilikuwa enzi ya mbali sana, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na majiko, wakitembeleana na kusutana kama tufanyavyo sisi. Pimbi alikaa peke yake ndani ya mwamba, katika pango la baridi lenye jiko upande huu na kitanda upande ule. Alipapasa ukuta mpaka pembeni, alipoweka kibuyu chake cha asali. Kidole chake kikaingia kwenye ufa.

Akawasha koroboi. Asali haikuwa imemwagika hata tone. Ilikuwa imeganda, ngumu, punje punje kama mchanga wa mtoni, na katika kuganda ilikuwa imevimba ikakipasua kibuyu.

Pimbi akakaa chini. Hakulia. Angemlilia nani, na kwa jina gani?

Sikilizeni kisa chenyewe. Pimbi alikuwa na binti mmoja. Miaka mitatu nyuma, mchana kweupe, Tai alishuka akamnyakua mlangoni alipokuwa akiota jua. Mtoto hakuacha kaburi. Hakuacha hata kandambili. Aliacha jina tu, na jina nalo likafungiwa, maana sheria ya nchi ile ilisema hivi: aliyekufa asitajwe kwa jina mpaka wa kwao walete asali ya msiba barazani, na asali hiyo ikubaliwe. Atakayelitaja kabla, afukuzwe, na jina lifutwe moja kwa moja. Hata mimi silitaji sasa hivi.

Na mama, kwao kama kwetu, huitwa kwa jina la mwanawe. Kwa hiyo siku ile Pimbi alipoteza majina mawili. Sokoni walimwita "wewe." Wenye adabu kidogo walimwita "yule wa mwambani."

Mwonjaji wa asali alikuwa Fisi. Utaratibu wa baraza ulikuwa mfupi: Fisi anaonja, na Tembo, mkuu wa baraza, anakanyaga chini mara tatu. Fisi asiposema "haifai" kabla ya kishindo cha tatu, asali imekubaliwa. Mwaka wa kwanza Fisi alikula, akala, kisha kabla tu ya kishindo cha tatu akasema, "Haifai, inachuruzika." Mwaka wa pili Pimbi aliichemsha ili iwe nzito. Ikaungua. Fisi akala, akala, akasema, "Haifai, chungu." Alisema hivyo chombo kikiwa kitupu na midomo yake ikimeremeta.

Kulipokucha, Kanga, jirani na shoga yake Pimbi, aliingia bila hodi kama kawaida yake, maneno yakimtangulia.

"Shoga, hujalala wewe. Macho yamekutoka kama ya Bundi mwenye wageni."

"Kimepasuka."

"Nini kimepasuka?"

"Kibuyu. Niliiacha asali nyingine ya mwaka jana ikae, nikidhani itakuwa nzito yenyewe bila moto. Imekuwa jiwe. Na baraza ni siku kumi zijazo."

Kanga akaigonga asali kwa mdomo. Ko, ko. "Hii unajengea nyumba, na choo kinapatikana."

Pimbi hakucheka.

"Si unayo ya mwaka huu?" Kanga akauliza kwa upole.

"Chungu nusu. Nayo ni majimaji kama ile ya kwanza."

"Basi ngoja mwakani, shoga. Miaka haiishi."

"Yangu inaisha." Pimbi aliukunjakunja upindo wa leso yake. "Jana nilikuwa nateka maji, nikataka kuikumbuka sauti yake anavyoniita. Sikuipata. Niliitafuta mpaka ndoo ikafurika. Jina bado ninalo, nalisema moyoni kila nikilala. Lakini nikifa nalo, itakuwa kama sikuzaa. Wewe unalikumbuka?"

Kanga akatazama miguu yake.

"Nimejaribu, shoga. Miaka mitatu hulisikii popote. Linanijia kipande, halafu linatoroka."

Pimbi akageukia ukuta. Alikuwa akijua kwamba wengine wamesahau. Hakujua kwamba hata Kanga.

Mara mlango ukaingiwa na harufu, na nyuma ya harufu akaja mwenyewe.

"Hodi hapa kwa Mama Nanihii," alisema Fisi, akicheka peke yake. "Nimekuja kukagua. Mwaka huu sitaki kuchoshwa. Nataka asali nyeupe."

"Asali nyeupe, Mzee Fisi?" Kanga aliuliza. "Umeiona wapi?"

"Sijaiona, ndiyo maana naitaka. Iwe nyeupe, iwe laini kama siagi, na nikikipindua chungu isimwagike. Na chungu kijae mpaka mdomoni."

"Mzee wangu," Pimbi alisema, "ninayo nusu chungu tu."

"Basi jazia na machozi. Hayo najua unayo mengi."

Akaenda zake huku akicheka, na kicheko kikabaki pangoni muda mrefu.

Pimbi aliinuka, akabandua vigae vya kibuyu, akaitupa ile asali ngumu ndani ya kinu na kuanza kutwanga. Msidhani alikuwa na mpango, wanangu. Alitwanga kwa sababu mikono yake ilitaka kupiga kitu na Fisi alikwishaondoka. Twa. Twa. Twa. Kila mchi ulipoanguka alilisema lile jina moyoni. Asingeweza kulia kwa sauti, akatwanga. Kanga alimtazama, akaondoka kimyakimya, akarudi na uji, akakuta bado anatwanga.

Jioni zile punje zilikuwa zimekwisha. Kinuni ulibaki uji mzito wa asali, laini, rangi imepauka. Pimbi alionja kwa ncha ya kidole. Ulimi haukukuta hata chembe.

Alichota kijiko kimoja cha uji ule, akakivuruga ndani ya vijiko kumi vya asali mpya, akafunika kwa jani la mgomba na kuiweka penye baridi kuliko pote pangoni. Asubuhi ilikuwa imeshikana, na ukiichoma kwa mwiko inakubali.

"Usiitie moto," alijiambia. "Moto ndio ulioniponza."

Akaichanganya na asali mpya yote. Kisha akaanza kuikoroga kwa mwiko, asubuhi na jioni. Koroga, pumzika. Koroga, pumzika. Siku ya tatu ilikuwa na rangi ya mahindi mabichi. Siku ya tano, rangi ya maziwa. Mkono ulimuuma mpaka begani, na usiku alilala akiwa ameushika kama mgonjwa. Hakuwa na matumaini, tusidanganyane. Alikuwa na mwiko tu, na jina la kwenda nalo.

Siku ya saba Kanga akachungulia chunguni.

"Shoga, hii asali au maandazi? Mbona inaumuka? Uliniambia nusu chungu."

"Ni upepo. Ukiikoroga inakula upepo, inapanda."

"Hebu."

Kanga akachota donge zima akalitia mdomoni. Akafumba macho kwa utamu. Akataka kusema kitu.

"Mm," alisema Kanga.

Akajaribu tena. "Mmh. Mmf." Asali ilikuwa nzito, ya baridi, imemshika ulimi juu na chini. Haikushuka, haikutoka. Akapiga mabawa, akazunguka jiko mara mbili.

Pimbi alimtazama shoga yake, ambaye tangu aanguliwe hakuwahi kunyamaza, akiwa amenyamaza. Akaanza kuhesabu kwa vidole, polepole, kama anavyokanyaga Tembo. Moja. Mbili. Tatu. Akafika ishirini ndipo Kanga akapata sauti.

"Karibu uniue," Kanga alisema.

"Samahani, mwenzangu. Kunywa maji." Lakini macho ya Pimbi yalikuwa kwingine.

Siku ya baraza ikafika. Nyati walikuja, na Ngiri, na Twiga na shingo zao, wakakaa wamechoka kabla halijaanza jambo. Msiba wa mwamba uliwachosha. Tembo alikuwa mbele, na pembeni yake Fisi, ambaye hakuwa amekula tangu jana yake ili apate nafasi.

"Mlete chungu, Mama Nanihii," alisema Fisi. Wachache wakacheka.

Pimbi akakiweka mbele yake na kukifunua. Baraza zima likainua shingo. Asali ilikuwa nyeupe, imejaa mpaka mdomoni.

Fisi akakishika chungu, akakipindua. Akangoja. Akakitikisa. Halikudondoka hata tone. Tabasamu lake likapungua kidogo, lakini mate yakaongezeka.

"Sharti la kupindua limetimia," alisema Tembo. "Onja. Na ukumbuke, asali ya msiba haitemwi. Anayeitema amemtukana marehemu, na anahama nchi."

Pimbi akapiga magoti. "Mzee wangu Fisi, nakuomba uonje kwa ncha ya ulimi tu. Imenitaabisha mno, na Mzee Nyati naye angependa kulamba."

"Unanipimia?" Fisi aliuliza. "Mimi nipimiwe na wewe, mtu usiye na jina?"

"Nakuomba tu, mzee. Kidogo."

"Kidogo kala mama yako." Akaingiza mikono yote miwili chunguni, akachota donge la ukubwa wa kichwa cha Pimbi, akalisukuma lote mdomoni mpaka mashavu yakatuna.

Ndi, mguu wa Tembo ukatua.

Fisi akatafuna. Masikio yakamlegea kwa utamu. Hakuwa na haraka. Kila mwaka alingoja mpaka mwisho.

Ndi.

Sasa ulikuwa wakati wake wa kusema. Akataka kufungua mdomo, mdomo haukufunguka. Akavuta ulimi, ulimi umenata juu. Akageuka kulia, akageuka kushoto, macho yamemtoka.

"Mmf," alisema Fisi. "Hmmmf."

"Sema, Fisi," alisema Tembo, mguu ukiwa juu.

Fisi akaingiza kidole kinywani, akakumbuka kuhama nchi, akakitoa haraka.

Ndi.

"Fisi amenyamaza," alisema Tembo. "Asali imekubaliwa."

"Mmmmf."

"Na anakubali tena," akadakia Kanga kutoka nyuma, na baraza likaangua kicheko.

Somo lake ni hili tu, wanangu: anayekudhulumu kwa tamaa, tamaa yake hiyohiyo yaweza kumziba mdomo, ila haitakurudishia ulichopoteza.

Kwa maana kicheko kilipokwisha, Tembo alisema, "Jina la marehemu liko huru. Aliye nalo alitaje." Na hapakuwa na aliyesema. Nyati alimtazama Ngiri. Ngiri alitazama chini. Twiga alijifanya anatazama mbali. Pimbi alisimama katikati yao akingoja mmoja tu, yeyote, aanze. Alikuwa amewazia siku hii kwa miaka mitatu, na katika mawazo yake wote walilitaja pamoja.

"Hakuna?" Tembo aliuliza, na sauti yake ilikuwa na aibu ndani yake.

Upepo ulipita. Pimbi akainua uso kulitazama anga, lile lile lililomchukua mwanawe, likiwa tupu na jeupe, na akalisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayemwita mtoto aingie ndani.

"Sihaba."