Shida ya Bwana Mbwambo

Huko milimani palikuwa na jumuiya ya watu waliohamia pamoja na kuapa kwamba hawatamnyima msaada mtu yeyote mwenye shida. Kiongozi wao, Bi Nakijwa, walimchagua kwa ufundi wake wa kuhutubia. Jembe alilijua kwa jina tu, na hilo alilisema mwenyewe huku akicheka.

Siku moja akaja Bwana Mbwambo, tajiri wa tangawizi.

"Kesho mnivunie shamba lote," alisema. "Nina shida, na nyinyi mmeapa. Na wewe kiongozi utangulie mbele."

Bi Nakijwa alihisi kiuno kinamuuma kabla hata ya kuinama.

"Una shida kweli, baba?"

"Shida kubwa!"

"Pole sana. Kesho tutafika."

Jioni hiyo alipita sokoni, akazungumza na huyu na yule.

Asubuhi Bwana Mbwambo alipofungua mlango, aliukuta ua umejaa watu. Mjane mmoja alimletea uji, mwingine shuka kuukuu. Hata baba wa mchumba wake alikuwa langoni, akitikisa kichwa kwa huruma.

"Nani kawaambia nina shida?" alifoka.

"Ni mimi," alijibu Bi Nakijwa. "Nimewaeleza vilevile ulivyonieleza. Usione haya, baba, kunywa uji."

Bwana Mbwambo akamtupia jicho mkwewe. "Sina shida yoyote! Vibarua nitawalipa mwenyewe!"

Bi Nakijwa akawageukia wenzake waliobeba majembe.

"Mmesikia wenyewe, hana shida. Turudini nyumbani, na huo uji tusiuache upoe."